Warushe Changarawe

Mavuno, mwezi wa pili, siku ya 10

Setau,

Mama yako amekufa. Leo asubuhi, jua halijapanda ukuta. Tumbo. Siku sita lilimuuma, ya saba hakuomba maji.

Mimi kuandika mengi sijui, unajua. Naandika kwenye kigae cha mtungi wake, ule uliovunjika mwaka juzi akakataa kuutupa. Alisema vigae vina kazi. Basi kazi yenyewe ndiyo hii.

Kesho namleta kwenye mahema yenu ya magadi, kwa punda wa Nakhi mbeba maji. Kaha mnyapara amenipa siku nne.

Mama yako alikuwa akisema kazi yako huko ni kufunga maiti vitambaa. Basi umfunge wewe. Usimwachie mtu. Kidole kimoja kimoja. Huyo mpasuaji wenu simjui na sitaki kumjua, ila mwambieni jiwe lake liwe kali, asimchane mke wangu kama samaki.

Na siku ya sabini utamfungua kinywa. Hiyo kazi ya mtoto. Mimi sina mtoto mwingine. Ndugu yako Minmose yuko chini, wale wawili wa kabla yenu hata majina hawakupata. Usipomfungua kinywa, atafika kwenye mizani hana sauti. Wataupima moyo wake, watamuuliza maswali, atabaki anawatazama. Na mkate tutakaompelekea hatakula. Mama yako, bubu na mwenye njaa, siku zote. Unajua alivyokuwa anaongea.

Yale niliyokuambia mlangoni miaka mitatu iliyopita niliyasema. Siyarudii, siyafuti. Haya ni ya mama yako.

Ipuy, baba yako


Mavuno, mwezi wa pili, siku ya 11

Baba,

Nakhi amenipa kigae chako. Nilikisoma nimesimama, nikakaa chini, nikakisoma tena.

Mlete. Mkabidhi mlinzi wa lango, halafu urudi nyumbani ukae na watu. Tarehe 13 ndiyo siku ya kumpasua. Usije, nakuomba. Si kitu cha mume kuona. Mpasuaji akimaliza anakimbia, na wafiwa wanamfukuza kwa mawe na laana, kwa kuwa ameujeruhi mwili wa mtu wao. Ndiyo desturi, lazima mtu wa nyumbani arushe. Lakini wengi wanamtuma jirani. Mtume Nakhi.

Kufunga nitamfunga mimi. Kila kidole.

Habari ya kinywa tutaongea.

Alisema nini mwisho?

Setau


Mavuno, mwezi wa pili, siku ya 14

Setau,

Nilikuja. Hakuna wa kuniambia nisiende kwa mke wangu.

Nilikutafuta. Nikamuuliza mzee mmoja mnene, kipara, nadhani ndiye mkubwa wenu, "Setau yuko wapi?" Akatazama miguu yake. "Yuko kazini, mzee." Kazini! Mama yako yuko mezani, uchi, hana hata shanga, wewe uko kazini.

Akatoka huyo mpasuaji wenu. Uso umefungwa kitambaa, macho tu. Mimi sikumtazama, nilikuwa namtazama mama yako. Akainama upande wake wa kushoto. Fundi, hilo nampa. Jiwe lile jeusi lilipita mara moja. Alisema neno kwa chini, sikulisikia. Halafu mbio.

Watu wenu wakaokota changarawe wakawa wanamrushia visiginoni. "Ulaaniwe! Ulaaniwe!" Kama wanafukuza kuku. Mmoja alikuwa anatafuna kitunguu. Mtu amemfungua mke wangu tumbo, wao wanafukuza kuku.

Mimi nikaokota jiwe la kweli. Ndugu yako hakuhitaji kupasuliwa, mwamba ulishamaliza, kwa hiyo mwaka ule sikurusha kitu. Safari hii nikarusha. Miaka thelathini natupa mawe kutoka shimoni, mkono wangu unajua. Alikuwa ameshafika kwenye nguzo ya hema. Akasimama. Akageuka. Sijui mpumbavu yule aligeuka kwa nini. Likampata usoni, akaanguka.

Sikukaa kutazama. Nilimbusu mama yako kichwani nikaondoka.

Nakuambia kweli, toka alipokufa, hapo ndipo nilipopumua.

Uliuliza alisema nini mwisho. Alisema, "Setau amekula?" Nikamwambia sijui.

Ungekuwepo.

Ipuy


Mavuno, mwezi wa pili, siku ya 17

Baba mkwe,

Mimi Wiya, mke wa Setau. Hatujaonana. Naandika mimi kwa sababu Setau mikono yake imejaa utomvu wa kupakia vitambaa, hawezi kushika kalamu.

Anakwambia Mama amelazwa vizuri ndani ya magadi. Yamemfunika mwili wote mpaka kichwani, hakuna nzi. Atakaa siku arobaini akauke. Moyo wake umeachwa mahali pake, haukuguswa. Usiwe na hofu.

Yule mpasuaji yuko hai. Nilidhani ungetaka kujua.

Wiya


Mavuno, mwezi wa tatu, siku ya 2

Mkwe wangu Wiya,

Sikujua kama Setau ana mke. Hakuniambia. Nadhani mama yake alijua. Huyo alikuwa anajua mambo kuliko mimi na bado anauliza.

Mimi nimerudi kazini. Tuko kwenye ujia wa tatu wa kaburi la mfalme, mwamba mbovu, unameguka kama mkate wa juzi. Jamaa wa genge wananiita Mpiga Mbweha, maana watu wa mahema huku wanaitwa mbweha. Habari ya jiwe langu imefika huku juu kabla yangu. Nakhi ndiye mwenye kinywa. Jana anashusha maji akasema, "Mzee, yule mtu wako jicho limekwenda. La kushoto." Jamaa wakapiga makofi. Nami nikasema vizuri.

Kaha peke yake hakucheka. "Ipuy," akaniambia, "desturi ni kurusha. Nani alikwambia ni kupiga?"

"Wewe hukuona alivyomchana," nikamwambia.

"Sasa ulitaka utumbo utokee wapi, puani?"

Mnyapara huyo. Hana mke, anajua nini.

Nakutumia mzigo wa kitani. Ni vitambaa vyake vya nyumbani, nimevichana mwenyewe viwe vya kufungia. Gauni la sikukuu. Shuka mbili. Ile yenye doa la bia ni ya arusi yetu. Ile nyembamba ndiyo aliyombebea Setau mgongoni. Hiyo afungwe kifuani, mwambie.

Na mwambie aandike mwenyewe. Utomvu unapakwa wakati wa kufunga. Mke wangu yuko kwenye magadi bado, hajafungwa hata kidole. Utomvu gani huo wa mikono? Mimi sikusoma lakini si mjinga.

Ipuy


Mavuno, mwezi wa tatu, siku ya 6

Baba mkwe,

Vitambaa vimefika. Setau ameishika ile nyembamba tangu jana. Kwa hiyo nimeona nikuambie, ijapokuwa amenikataza.

Mpasuaji ni yeye.

Alianza kwa kufunga vitambaa, Mama hakukudanganya hapo. Mwaka uliofuata mpasuaji wa zamani akafa, na kazi ile hakuna anayeitaka. Mkubwa wetu akawajaribu watu sita kwa ngozi ya mbuzi. Mkono wa Setau ndio haukutetemeka. "Umejifunza wapi?" akamuuliza. Akasema, "Kwa baba yangu. Alinipa jiwe la gumegume nina miaka saba, akaniambia jiwe halipigwi, linaombwa."

Mama alijua. Kila siku ya mapumziko alipokuwa anakuaga kwamba anapanda kwenye hekalu dogo la mlimani, alikuwa anashuka kwetu. Anakuja na vitunguu vimefungwa kwenye upindo wa nguo. Mimi herufi amenifundisha yeye, zile ulizomfundisha wewe. Mwaka jana tumbo lilipoanza kumsumbua alimwambia Setau mbele yangu, "Siku yangu ikifika, unipasue wewe. Sitaki mkono wa mgeni." Setau akasema, "Mama, hilo usiniombe." Akamwambia, "Wewe ulitokea humo humo. Njia unaijua. Na baba yako usimwambie, atakuja kuniharibia msiba kwa kelele zake."

Setau aliogopa siku ile utamtambua. Kitambaa alikifunga mara mbili.

Jicho la kushoto halipo. Siku kumi na mbili alikuwa na homa, anaongea na Minmose. Sasa anasimama. Alipozinduka neno la kwanza lilikuwa, "Msimwambie. Amerusha kwa haki."

Kuhusu kinywa cha Mama, anasema hatakifungua. Anasema mkono uliomjeruhi hauwezi kumponya. Na mkubwa wetu anasema mpasuaji si safi, hashiki tezo takatifu la kufungulia kinywa, labda tutafute mtoto wa mtu mwingine. Nimekuambia yote. Hasira zako nirushie mimi.

Wiya


Mavuno, mwezi wa tatu, siku ya 9

Wiya,

Nimepata.

Ipuy


Mavuno, mwezi wa tatu, siku ya 28

Setau,

Nimevunja vigae vinne kabla ya hiki.

Huku nimewaambia jamaa. Nilisimama wakati wa chakula nikasema, yule mpasuaji ni mwanangu, anayetaka kupiga makofi apige sasa. Hakuna aliyepiga. Nakhi alimwaga maji. Hawaniiti tena jina lile.

Kisha nikaenda kwa Kaha. Unajua siku za maziko ndiye anayevaa ngozi ya chui hapa kijijini, ndiye kuhani wetu. Nikamwambia nataka wewe ndiye ushike tezo.

Akasema, "Haiwezekani. Mpasuaji ananuka mauti."

"Na wewe unanuka nini? Miaka ishirini unachimba makaburi."

"Mimi nachimba. Sigusi."

"Mimba yake aliibeba nani?" nikamuuliza. "Hunuro. Maziwa alinyonya ya nani? Ya Hunuro. Sasa nikodi kijana wa mwashi amguse mdomo, aseme 'mama, nimekufungua kinywa'? Mke wangu atafumbua macho aseme, wewe mtoto wa nani?"

Kaha akacheka. Halafu akafuta uso. Yeye ndiye aliyeshika miguu ya Minmose tulipomtoa chini ya mwamba, mimi kichwa. Wewe ulikuwa umebeba taa.

Akasema hivi. Uje siku saba kabla, ukae kwenye kibanda cha nje ya ukuta. Unyolewe mwili mzima. Uoge mara mbili mchana na mara mbili usiku. Utafune magadi asubuhi na jioni, kinywa chako kisafike. Usile samaki. Siku ya sabini yeye atasoma, wewe utashika tezo. Wakubwa wakiuliza atasema hakujua kazi yako. Kaha kudanganya hajui, lakini amesema.

Basi uje.

Ipuy

Kigae kimejaa, naendelea nyuma. Miaka ile ulipokataa kushuka tena shimoni nilikuita mwoga. Ulimpeleka ndugu yako kwenye mahema hukurudi, nikasema harufu yako isiingie mlangoni kwangu. Mimi nilishuka siku ya pili yake. Nikapita palepale. Si kwamba siogopi. Sikujua pa kwenda kwingine.


Mavuno, mwezi wa nne, siku ya 4

Baba,

Mistari imepinda, usione ajabu. Jicho moja halijui umbali. Nachovya kalamu pembeni ya wino.

Sina hasira. Mpasuaji anajua atarushiwa, anakula kwa ajili hiyo. Nikirushiwa na watu wengine huwa sigeuki. Siku ile niligeuka mwenyewe. Nilikuwa sijakuona miaka mitatu. Nilipokuwa nimeinama juu ya Mama sikuthubutu kuinua macho, ningeshindwa kazi. Nilipofika kwenye nguzo nikasema nitazame mara moja tu. Nikaona kichwa chako ni cheupe chote. Nilikuwa bado nashangaa nywele wakati jiwe linakuja.

Neno nililosema kwa chini nilisema, "Mama, vumilia."

Tobo ni vidole vinne. Dogo kuliko la mtu yeyote niliyempasua. Ndani palikuwa na uvimbe kama ngumi ya mtoto, mgumu. Usijilaumu kwa dawa, wala kwa siku sita. Ulikuwa umekaa miaka. Moyo nilipita kando yake kwa mgongo wa mkono. Ulikuwa mdogo. Nilidhani utakuwa mkubwa.

Tulimtoa kwenye magadi. Amekuwa mwepesi, namwinua peke yangu. Nimeshamfunga mkono wa kulia. Ile ya mgongoni itakaa kifuani.

Lakini kuja siji, Baba. Kaha ni mtu mwema. Tezo linamgusa maiti mdomoni ili arudishiwe alichonyang'anywa, na mimi ndiye niliyemnyang'anya. Nikimgusa pasifunguke je? Nani atajua? Atafika kule ananyamaza, itakuwa mimi nimemuua mara ya pili. Kodi kijana wa mwashi. Ana mikono safi.

Na mlango wako ulinikataa. Mimi siombi ufunguke kwa sababu ya kufiwa.

Setau


Mavuno, mwezi wa nne, siku ya 6

Kwa Hunuro, aliyeko Magharibi kwa wafu. Kutoka kwa mume wake

Mama Setau,

Nakuandikia ndani ya bakuli lako la uji, kwa kuzunguka, ulivyokuwa unawaandikia marehemu wazazi wako ukitaka kitu. Nimeweka humo mkate na kitunguu. Nakhi atalipeleka likae kichwani pako. Ukila utaona maneno.

Nina ugomvi na wewe. Miaka miwili unaniambia unapanda mlimani kusali. Unarudi na tope la mtoni miguuni. Mlimani kuna tope? Niliona. Nilinyamaza. Nilidhani ukija kunieleza itabidi nikasirike, nami nilikuwa nataka habari zake. Usiku ulikuwa unasema, "Nasikia wa mahema wanakula vizuri mwaka huu." Nasikia! Nilikuwa nageukia ukuta ili usione nafurahi.

Ungeniambia tu, mwanamke. Jiwe lile ningeliacha chini.

Au nisingeliacha. Hilo nakuambia wewe, yeye usimwambie. Siku ile nilitaka mtu aumie. Angekuwa nani, sijui. Kama angevua kitambaa nikamwona, sijui mkono ungefanya nini. Ungesimama, nadhani. Nadhani. Nalala nalifikiria.

Sasa kasema haji. Anasema mkono wake ni mchafu. Ni wangu ulio mchafu. Mwendee ndotoni, wewe ulikuwa hushindwi kumwamsha. Mwambie aje. Si kwa ajili yangu. Kijana wa mwashi ameshakuja kunijaribia maneno, anasema "mama" kama anaita mtu wa kuuza samaki. Ukifunguliwa na huyu utakaa kimya kwa kisirani tu, nakujua.

Nimekuchongea yule mtu mdogo wa mbao wa kukusagia unga kule. Nimemfanya ana mabega makubwa. Sura imenishinda, kila nikichonga anatoka kama Kaha.

Nyumba haina kelele. Sikuwa nimejua kwamba zote zilikuwa zako.

Ipuy


Mavuno, mwezi wa nne, siku ya 11

Baba,

Mama hakuja ndotoni kwangu. Alikuja kwa Wiya. Wiya anasema alisimama mlangoni akauliza vitunguu ameviweka wapi, basi, akaondoka. Tumecheka mara ya kwanza tangu siku ile.

Bakuli nimelisoma. Halikuwa langu, najua. Lakini ndiye mimi ninayemfunga, nalo liko kichwani pake, na maneno yanazunguka, ukianza huwezi kuacha. Nimesoma hata pale uliposema asiniambie.

Nimelisoma hilo mara nyingi kuliko mengine. Ungeandika kwamba ungejua usingerusha, nisingekuamini.

Nakuja kesho kutwa. Kijana wa mwashi mwambie asante. Nitakaa kibandani na kufanya yote ya Kaha. Magadi natafuna tayari, ulimi umekuwa ngozi. Baada ya maziko nitaondoka. Usinikaribishe ndani mbele ya watu. Sijui nitaufanya nini uso wangu.

Setau


Mavuno, mwezi wa nne, siku ya 22

Setau,

Uliondoka alfajiri hukuaga. Sawa. Mimi pia ningeondoka.

Tezo la Kaha umeliacha kwenye kibanda, juu ya jiwe, limefutwa. Nimemrudishia. Ameuliza kama ni wewe uliyelinoa makali. Nikasema wewe unamjua mwingine? Akang'ang'ania kulitazama.

Naandika kwa sababu juzi hatukusema kitu. Nilikuwa nakushikilia mgongoni usije ukajikwaa, upande ule huoni. Nilihisi unatetemeka mpaka ulipoinua tezo. Ulipoinua ukatulia. Mara nne, mdomo na macho. Uliposema "mama" sauti yako ilikatika, Kaha akataka kukusaidia, nikamkanyaga mguu. Ukamalizia mwenyewe.

Uliniuliza tukishuka, "Umefunguka?" Sikujibu, mawe yalikuwa yanateleza. Najibu sasa. Jana niliamka nikaweka mkate na bia mbele ya kaburi, nikakaa. Nikasema, Mama Setau, mwanao amekula. Upepo haukuvuma wala nini. Hakuna kitu kilichotokea. Lakini nilikaa pale mpaka jua likawa kali, na sikuona kwamba nakaa na mtu bubu. Mimi na yeye miaka thelathini na moja. Najua akiwa hayupo na najua akiwa amenyamaza. Kimya hiki kilikuwa cha kusikiliza.

Sasa la kwako. Baada ya maziko ulikula nje, kwenye kizingiti. Ulinikataza nisikukaribishe, nami sikukukaribisha. Ndiyo maana nilitoka na mkeka wangu nikala huko huko. Watu wakabaki ndani na kuhani wao. Sijui kama ulielewa. Siku nyingine mlango nitaufungua tu, wewe utaamua. Njoo na Wiya. Aje na vitunguu, hapa vimeisha.

Na hili ulihifadhi. Siku yangu ikifika, unipasue wewe. Sitaki mkono wa mgeni. Mimi ngozi ni ngumu kuliko ya mama yako, uje na jiwe jipya. Nimemwambia Kaha siku hiyo watu wa genge wasikurushie kitu. Akasema lazima, desturi haina mtu. Basi warushe changarawe. Ameapa. Atawakagua mikono mmoja mmoja.

Wewe usigeuke.

Magoti yanauma, na ujia wa tatu umeporomoka tena, inasemekana kifusi ni cha siku kumi. Kesho narudi kazini.

Baba yako, Ipuy